Mwinjilisti na Mafuta ya Mujaja

Mwinjilisti wetu aliogopa viwavi. Naanza na hilo kwa sababu mwenyewe angetaka nianze na jambo jingine, na kwa kuwa hayupo hapa kunizuia, ndilo ninaloanza nalo. Mtu yule aliyesimama mimbarani akamkemea Shetani, mtu aliyewahi kumtoa nyoka kanisani kwa mwavuli huku washarika wamepanda juu ya mabenchi, akiangukiwa na kiwavi kwenye kola ya shati alipiga yowe la kufika mpaka mtoni. Kiwavi alimwokota kwa vijiti viwili, mikono ameinyoosha mbele na uso ameugeuzia pembeni. Lakini msimu wa senene ukifika, huyo huyo alikaa uani na ungo mapajani, anawanyonyoa mabawa senene wake kwa furaha, na wakishakaangwa anawala kwa kiganja. Nilimwuliza, Mwinjilisti, mdudu na mdudu wana tofauti gani?

"Mugole," akasema, "senene ana safari zake. Kiwavi anakuja kwako."

Mugole kwetu ni bibi harusi. Aliniita hivyo siku nilipoletwa kuolewa katika nyumba ya jirani yake, kwenye kijiji cha mlimani nyuma ya Muleba, enzi za Mwingereza. Akaendelea kuniita hivyo hata nilipokuwa na watoto wa kwenda shule, na sikumkataza. Ukoo wake na mahali alipozaliwa sitavisema. Yeye mwenyewe alivisimulia vya kutosha, hasa pale mtu alipokuwa na haraka.

Nitakachosema ni pua yake. Ilikuwa kazini wakati wote. Hakuweza kupita penye mmea bila kuchuma jani, kulifikicha na kukusogezea usoni. "Nusa." Usiponusa, maongezi yamekwama hapo. Alininusisha mchaichai, alininusisha mkaratusi, alininusisha ganda la limau, na zaidi ya vyote mujaja, ule mvumbasi unaojiotea nyuma ya nyumba, ambao bibi zetu waliutandaza ndani kufukuza mbu. Siku moja katikati ya ibada ya ndoa alimsogezea bwana harusi jani la mkaratusi puani. Alisema baadaye kwamba alimwona kijana anataka kuzimia. Kijana alisema hakuwa anataka kuzimia, alikuwa anataka kupiga chafya, na baada ya lile jani akapiga kweli, mbele ya mkwewe.

Imani hii ya harufu aliipata hospitalini, Bukoba mjini, alikokwenda na jino. Mganga alimtia tone la mafuta ya karafuu na maumivu yakalala. Wengine tungeshukuru tukarudi nyumbani. Yeye alibaki pale mlangoni anamwuliza mganga mafuta yanatokaje kwenye karafuu, mpaka mganga akamweleza habari ya mvuke: majani au maua yanachemshwa, mvuke unabeba mafuta yake, ukipozwa unarudi kuwa maji, na mafuta yanaelea juu. Tangu siku hiyo akawa na mahubiri mapya. "Mti hauna miguu ya kukimbia," alituambia. "Hauna mkono wa kushika fimbo. Mungu akauonea huruma, akaupa harufu. Ninyi mnadhani ni manukato yenu. Ni silaha yake!" Akigonga mimbari hapo, na sisi wanawake tukitazamana, maana tulijua ibada haitaisha mapema.

Basi ndipo viwavi wakaja kwenye viazi.

Kwetu mwanamume ana kibanja chake, migomba na kahawa, na mwanamke analima rweya, ule uwanda wa nyasi nje ya migomba, udongo mwembamba usio na mbolea. Hapo ndipo tulipopanda viazi vitamu. Kahawa ilipougua, Bwana Shamba wa serikali alikuja na dawa yake ya unga na kofia yake. Viazi vilipoliwa hakuja mtu. Tulimwendea, akasema hana maagizo ya viazi. Viazi ni mambo ya wanawake, havipandi meli. Viwavi wale weusi wenye miiba laini walianza upande wa chini wakapanda na kilima, wakiacha mashina matupu, na shamba la mke wa Mwinjilisti na letu yalikuwa bega kwa bega. Mwaka huo migomba nayo ilikuwa imepigwa na upepo. Tulikuwa tunategemea viazi, na tuliogopa.

Mwinjilisti akaja kutazama, akiwa na vijiti vyake. Akaona jambo ambalo sisi hatukuliona: viwavi walikuwa wamekula mpaka karibu na mstari wa mchaichai wa mke wake, wakaacha hapo tuta zima likiwa na majani yake. Alifurahi mno, akasahau kwamba ni chakula chetu kinacholiwa. "Mnaona? Mnaona?" Mke wake akamwambia kwamba ndiyo, anaona, anaona njaa.

Akajaribu kutwanga mchaichai na mujaja na kumwaga maji yake. Kidogo yalisaidia, mvua ikanyesha ikayaondoa. Akatangaza kwamba twahitaji mafuta yenyewe. Na mafuta yenyewe hayatoki bila chombo cha mvuke, na chombo cha mvuke, kwa kijiji chetu, kilikuwa kwa mtu mmoja tu. Kwa mama mkwe wangu.

Hapa lazima nimweleze mama mkwe. Alifiwa na mume watoto wakiwa wadogo, na kilichobaki nyumbani ni migomba na mrija wa shaba. Aliwalea wanawe, pamoja na huyu aliyenioa, kwa kupika enkonyagi, ile pombe kali inayotokana na rubisi, bia yetu ya ndizi. Pipa linachemka, mvuke unapita kwenye mrija uliolazwa ndani ya mtumbwi wa maji baridi, upande wa pili chupa inadonda. Serikali ilikataza na kanisa likakataza. Aliyetangaza mimbarani kwamba ametengwa na Meza ya Bwana alikuwa Mwinjilisti mwenyewe. Aliyekuja kesho yake asubuhi kunywa uji jikoni kwake, kana kwamba hakuna lililotokea, naye alikuwa Mwinjilisti mwenyewe.

"Jana umenifukuza," mama mkwe alimwambia.

"Jana nilikuwa kazini," akasema, akasogeza bakuli.

Wakati wa viwavi mama mkwe alikuwa ameshaacha kupika. Mwanawe alikuwa na kazi, hapakuwa na haja tena. Alichokitaka ni kitu kimoja, na alikisema wazi: alitaka kurudi kundini kabla hajafa. Mtu aliyetengwa alizikwa kimya. Hakuna kengele, hakuna kwaya, ni majirani na majembe yao tu. Alimwona wifi yake akizikwa hivyo na hakuisahau siku ile. Sheria ya usharika ilikuwa kwamba anayetubu enkonyagi aulete mrija wake, uvunjwe mbele ya watu. Mama mkwe alimwambia mchungaji kwamba mrija wake ameutupa ziwani. Mchungaji wetu, mtu mnyoofu aliyekuja kutoka mbali na asiyejua wanawake wa mlimani, akaandaa kumrudisha siku ya Meza ya Bwana inayofuata.

Mwinjilisti akaja jioni moja jua lingali juu. Nilikuwa namenya ndizi. Akaketi, akauliza habari za miguu ya mama, akauliza habari za mbuzi, akakohoa.

"Mama, ule mrija uliotupa ziwani."

"Nakusikiliza."

"Ziwa halijaurudisha?"

Mama mkwe aligeuza kuni motoni. "Unataka wa nini?"

"Wa mujaja."

"Ziwa," mama mkwe akasema, "huwarudishia watu wenye shida." Akaniambia nikachimbe chini ya mgomba ule wa nyuma.

Mawe, kama tusemavyo kwetu tukishangaa! Ningependa mngemwona Mwinjilisti akipika. Kazi ilifanyika uani kwake, mchana kweupe, kwa sababu alisema kitu cha halali hakijifichi. Pipa alilisugua kwa mchanga mpaka akaridhika kwamba hakuna harufu ya dhambi. Akatia maji, akalijaza majani ya mujaja na mchaichai, akaziba mdomo kwa udongo na majani ya mgomba kama alivyofundishwa na mama mkwe, aliyekaa kwenye kigoda akitoa amri. "Moto mkubwa huo. Punguza. Unataka kupika mbuzi?" Mrija ukaanza kudonda. Mwinjilisti alipiga magoti mbele ya chupa, na sikumwona akipiga magoti kwa utulivu namna ile kanisani. Majani yalikuwa mzigo wa watu wawili. Mafuta yaliyoelea juu ya maji yalikuwa kidole tu, ya rangi ya asali nyepesi. Aliyakusanya kwa unyoya wa kuku. Kijiji kizima kilinukia, na mke wake alilalamika kwamba hata chai, hata mto wa kulalia, vina mujaja.

Alivyokuwa na haraka, yale mafuta aliyapeleka rweya saa ya jua kali, akayamimina hivi hivi kwenye tuta la kwanza. Viwavi walikufa. Viazi navyo vikaungua, majani yakawa meusi kana kwamba yamepita motoni. Akapika mengine, safari hii akayatia kwenye ndoo ya maji. Mafuta hayakuchanganyika. Yalikaa juu, akachota, maji yakaenda huku na mafuta yakaenda kule.

Mama mkwe alicheka mpaka akashika mbavu. "Yatie enkonyagi. Yakiona enkonyagi yatapatana na maji, ninyi hamjui tu."

Mwinjilisti aliziba masikio kwa mikono yote miwili. Kweli kabisa, aliziba. Akaondoka akiwa ameyaziba hivyo, akipita kati ya migomba. Kesho yake akarudi na kipande cha sabuni ya kufulia. Alikuwa amemtazama mke wake akiosha chungu chenye mafuta. Sabuni ikakorogwa kwanza, mafuta yakafuata, maji yakageuka meupe kama maziwa, na Mwinjilisti akageuka kuwa mtu wa kutovumilika. Alitueleza habari ya sabuni hata sisi tuliokuwepo.

Bomba la kunyunyizia hatukuwa nalo. Alitumia ufagio wa nyasi, anauchovya ndooni na kuurusha huku na huku, jua likiwa limeshuka ili majani yasiungue. Sasa, majirani zetu wa upande wa bonde walikuwa Wakatoliki, na walipomwona wakasimama barabarani. "Waitu, mtu wetu Mwinjilisti! Tumeshakupata! Anabariki viazi kwa maji ya baraka!" Habari ikafika Muleba sokoni kabla hajamaliza matuta. Alikasirika kwa siku kadhaa, akajitetea kwamba yeye hanyunyizii kwa imani, ananyunyizia kwa sabuni. Hilo likawafurahisha zaidi.

Lakini viwavi wadogo walikufa. Wakubwa walilegea tu, tukawaokota sisi kwa mikono huku yeye akituelekeza kwa vijiti kutoka mbali. Harufu ilikuwa haikai, mvua au jua la siku chache liliiondoa, ikabidi kurudia na kurudia. Hata hivyo majani mapya yalichipua, na tuta lililochipua yeye alilipapasa kwa kiganja kama mtu anayempapasa ndama. Tulijua tutakula.

Wiki ile ile ya Meza ya Bwana wakaja askari wa baraza. Mtu alikuwa amepeleka habari kwamba kwa Mwinjilisti kuna pipa linachemka. Walimkuta uani, mrija ndani ya mtumbwi wa maji, chupa inadonda. Akawaambia, "Karibuni, nuseni." Walinusa, na wakamchukua na kila kitu.

Barazani palikuwa na kicheko. Mzee mmoja hakuamini harufu, akasema atajua kwa ulimi, akapiga funda. Alitema mbele ya watu na midomo ikamwasha mpaka jioni. Wakamwachilia Mwinjilisti, mrija wakaubakiza. Baraza lilimwachilia, ila kanisa lilikuwa na swali lake. Mchungaji akamwita mbele ya wazee: mafuta sawa, lakini mrija wa enkonyagi ni wa nani?

"Umekutwa kwangu," Mwinjilisti akasema. "Niulizeni mimi."

"Ndiyo tunakuuliza. Ni wako?"

"Umekutwa kwangu."

Hawakupata neno jingine. Wakamtoa kazini, wakamweka nje ya Meza ya Bwana mpaka atakaposema. Tuliyasikia haya kwa mke wake, aliyekuja kwetu analia. Mama mkwe alisikiliza, akavaa kanga kwenda kwa mchungaji. Mwinjilisti alimkuta njiani akamrudisha. Sijui walisemezana nini, niliona tu mikono yao kwa mbali, na mama mkwe akarudi, akakunja kanga yake. Jumapili akasimama mbele ya watu, akatubu, akarudishwa. Alipopokea, Mwinjilisti alikuwa ameketi benchi la mwisho karibu na mlango, mahali ambapo mama mkwe mwenyewe alikuwa ameketi kwa miaka. Mama mkwe hakula kitu siku hiyo nyumbani. Nilimwekea chakula kikapoa.

Baada ya muda si mrefu Mwinjilisti na mke wake walihamia Kibeta, pembeni mwa Bukoba mjini, kwa mtoto wao. Tulionana mara moja moja, sokoni Bukoba au msibani. Kila mama mkwe alipomwuliza, "Waitu, yale mambo yako yamekwishaje?" yeye alijibu, "Mafuta hukaa zaidi kwenye chupa nyeusi, mama, hilo nimeligundua," na kuendelea na chupa. Tuliona amechangamka, tukaamini ameshasamehewa. Nani anakaa nje ya kanisa kwa ajili ya mrija? Mtu angesema tu neno yakaisha.

Watu walikuwa wameanza kuzungumza habari za Uhuru mama mkwe aliponiambia nimpeleke Kibeta kumwona, maana miguu yake mwenyewe ilikuwa inakataa. Tulipanda basi Muleba asubuhi. Tulimkuta uani kwake, amekonda, mujaja umezunguka nyumba mpaka madirishani. Kabla hatujaketi alikuwa ameshachuma jani. Tulinusa sote wawili, kwa heshima. Kisha wakaanza kubishana. Mama mkwe alisema sabuni aliyotumia siku zile ilikuwa nyingi mno, ndiyo maana majani yalijikunja. Mwinjilisti alisema majani yalijikunja kwa aibu ya kusikiliza vicheko vyake. Mke wake alileta chai, na chai ilikuwa na mujaja.

"Na hapa Kibeta," mama mkwe akauliza, akipuliza kikombe, "Meza ya Bwana mnakula lini?"

"Mimi nakula mwezi huu," akasema mke wake. "Yeye huningojea nje."

"Nje kuna upepo mzuri," Mwinjilisti akasema.

Mama mkwe akakiweka kikombe chini. "Tangu lini?"

Mke wa Mwinjilisti akaanza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai.

"Nakuuliza wewe. Tangu lini?"

"Walitaka niseme mrija ni wangu," Mwinjilisti akasema. "Haukuwa wangu. Sasa nisimame madhabahuni niseme uongo?"

"Ungesema ni wangu!"

"Ulikuwa unarudi kundini."

"Njiani uliniambia umepanga mambo yako!"

"Nilikuambia nimepanga mambo yangu. Sikukuambia nimeyapangaje."

Mama mkwe alimwita mjinga. Alimwita kwa Kihaya na kwa Kiswahili, akarudia, na machozi yakimtoka bila kuyafuta. Alisema amekuwa akipokea miaka yote hii anamshukuru Mungu, kumbe kuna mtu amesimama kwenye upepo kwa ajili yake. Mimi nilikuwa nimeinama, sikuweza kuwatazama. Nilimpenda mzee yule kuliko nilivyojua, na nilimkasirikia kwa kiasi hicho hicho.

"Mugole," mama mkwe akaniita, "leo ni siku gani?"

"Ijumaa, mama."

Akamgeukia mke wa Mwinjilisti, akamwuliza nyumba ya mchungaji iko upande gani. Mwinjilisti alielewa, akainuka haraka kuliko umri wake.

"Mama, hapana. Kwa umri huo! Ulimwambia mchungaji mrija uko ziwani. Watakutenga tena."

"Watanitenga."

"Hutapata nafasi ya pili. Watakuzika kimya."

"Wewe utakuwepo," mama mkwe akasema, akitafuta fimbo yake chini ya kiti. "Sauti yako mbaya, lakini utaimba."

Akaniagiza nirudi Muleba nikamwambie mwanawe kwamba amebaki Kibeta mpaka Jumapili.